Tone la maji: Ni vijidudu au ni chenga tu?

Tuseme unakaa Rulenge, wilaya ya Ngara, au Nyakahura kule Biharamulo. Jioni umerudi kutoka kisimani. Tone moja la maji limening'inia kwenye ukingo wa kikombe. Linapendeza! Unaazima simu ya dada, unapiga picha, kisha unaikuza. Lo! Ndani ya tone kumejaa vitone vyekundu, vya kijani na vya bluu. Mdogo wako anapiga kelele: "Vijidudu hivyo!"

Ngoja kwanza. Je, kweli umeona vijidudu?

Hapana. Ulichoona ni chenga, zile zile ulizowahi kuziona kwenye televisheni isiyoshika vizuri. Kijidudu cha kipindupindu kina urefu wa kama sehemu 2 za elfu za milimita. Ungepanga 500 kwenye mstari mmoja ndipo upate milimita 1! Antonie van Leeuwenhoek, Mholanzi aliyeona viumbe vidogo kwenye maji ya ziwa mwaka 1674, alitumia lenzi zenye nguvu sana alizozisaga mwenyewe. Simu ya dada haifiki huko.

Chenga zinatoka wapi?

Kamera hukusanya mwanga kama ndoo inavyokinga maji ya mvua. Mchana mwanga ni mwingi, ndoo inajaa upesi. Jioni unapata matone machache tu. Kwa hiyo kamera hulazimika kuukuza ule mwanga kidogo ilioupata. Shida ni kwamba haikuzi picha peke yake, inakuza na makosa yake. Makosa hayo ndiyo chenga.

Nguvu hiyo ya kukuza huandikwa ISO. Kwenye 100 picha huwa safi. Kwenye 1600 au 3200 chenga huongezeka, hasa sehemu zenye giza. Sasa unaelewa kwa nini kuongeza mwangaza baada ya kupiga hakusaidii sana: unaangaza tone, na chenga nazo unaziangaza!

Basi fanya hivi

1. Piga asubuhi au kwenye kivuli cha wazi, si gizani. Weka karatasi nyeupe ya daftari upande wa pili wa tone ili irudishe mwanga.

2. Futa lenzi kwa kitambaa laini. Egemeza simu kwenye tofali. Ikitulia, kamera inaweza kukusanya mwanga kwa muda mrefu zaidi bila picha kutikisika.

3. Gusa tone kwenye kioo cha simu, kisha punguza mwangaza kidogo. Kwa nini? Ile nukta ya jua inayong'aa juu ya tone ikiwa nyeupe kabisa, hakuna programu itakayorudisha kilichokuwa pale. Lakini usizidishe giza, maana ukija kuliangaza utakutana na chenga zako.

4. Piga picha 4 za tone lile lile. Programu ikizichanganya kwa wastani, chenga hupungua kwa nusu, kwa sababu kila picha ina chenga zake mahali tofauti. Simu nyingi za sasa hufanya kazi ya namna hiyo zenyewe ukichagua hali ya usiku.

5. Mwishoni, punguza chenga kidogo kidogo. Ukizidisha, tone linakuwa kama limepakwa mafuta. Na uchafu wa kweli nao unafutika!

Uchafu au chenga? Jipime

Linganisha zile picha zako 4. Kitone kinachorukaruka huku na huku ni chenga. Kinachobaki ndani ya tone, au kinachosogea polepole na maji, huenda ni mchanga au taka. Na doa linalobaki pembe ile ile ya picha hata ukisogeza simu liko kwenye lenzi yako.

Kwa nini tunakuambia haya?

Kwa sababu picha inaweza kukudanganya kwa njia mbili. Ya kwanza tumeiona: chenga zinakutisha bure. Ya pili ni mbaya zaidi. Unaangaza, unafuta chenga, tone linameta kama almasi, halafu unasema, "Maji yetu ni safi, tazameni!"

Kumbuka mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Julai mwaka huo huo, wakimbizi wengine walikimbilia Goma. Wengi wao walikunywa maji ya Ziwa Kivu bila kuyatibu, na kipindupindu kikaua maelfu kwa wiki chache. Macho hayakuweza kuwaonya.

Kwa hiyo, kama klabu yenu ya afya inataka kuonyesha picha za maji ya kisima na ya bomba, zipigeni kwa mwanga ule ule na mzirekebishe kwa kiasi kile kile. Chini yake andikeni mlichofanya. Picha hizo zinaweza kuonyesha tope. Hazionyeshi usalama.

Na maji ya kunywa? Yakiwa na tope, yaache yatulie, uyachuje kwa kitambaa safi. Kisha yachemshe mpaka yatokote kwa dakika 1 au zaidi, au weka dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Yahifadhi kwenye chombo safi chenye mfuniko.

Fanya hivyo hata kama tone lako limetoka zuri namna gani!

Jadilianeni: Nyumbani kwenu mnajuaje kuwa maji ni salama? Mnayatibu, au mnayatazama tu?