Sindano Mahali pa Kisu

Katika nyumba zetu, toka Mbagala mpaka Tandale, likitajwa tu neno "operesheni" nyoyo huingia baridi. Mgonjwa huahirisha, jamaa hushauriana wiki nzima, na maradhi hayangoji shauri. Kwa hivyo twapenda kuwaarifu ndugu zetu wasomaji kuwa yako maradhi ambayo leo yatibika pasina kupasuliwa mwili.

Asili ya tiba hii si ya jana. Mwaka 1953 tabibu wa Sweden, Seldinger, alionyesha namna ya kupitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa kwa njia ya sindano. Tarehe 16 Januari 1964, huko Marekani, tabibu Charles Dotter alimtibu bibi wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu uliokuwa ukioza kwa kukosa damu. Aliuzibua mshipa, na bibi yule akaenda kwa miguu yake miwili mpaka kufa kwake.

Kazi yenyewe ni hii: tabibu hutazama ndani ya mwili kwa eksirei au ultrasaundi, naye huiongoza sindano mpaka penye dhara. Kwa tundu dogo tu, usaha hutolewa tumboni, nyongo iliyoziba hufunguliwa njia, figo lililofura kwa mkojo hupata nafuu, na uvimbe wa kizazi hunyimwa damu ukasinyaa.

Tangu mwaka 2018 matabibu wa Chuo Kikuu cha Yale, wakishirikiana na wenzao wa Muhimbili, walianza kuileta elimu hii Dar es Salaam, na vijana wetu wa kwanza walihitimu mwaka 2021.

Hata hivyo, tusidanganyane. Maradhi mengine dawa yake ni kisu, na sindano nayo yaweza kuleta kutokwa damu au usaha. Basi yatupasa mambo matatu: kwenda mapema, kumwuliza daktari kama iko njia isiyo ya kupasua, na kumweleza dawa tunazotumia, hasa za kuzuia damu isigande, na mwanamke aseme kama ana mimba.

Nanyi waume, mama atokwaye na damu nyingi mwezi baada ya mwezi hana la kungoja. Kuogopa si aibu. Aibu ni kumwacha adhoofike kwa sababu ya hofu yetu sisi. Kutafuta dawa ni juu yetu, na kuponya ni kwa Mwenyezi Mungu.