Homu, Kwa Shangazi au Chumba cha Kupanga

Mwadingusha, huko Katanga nchini Kongo, huishi kwa umeme. Tangu 1930 maji ya mto Lufira yanazungusha mitambo pale, na kituo kilijengwa ili kulisha viwanda vya shaba vya kampuni ya Union Minière. Katika Katanga ya makampuni nyumba ilifuata kazi: baba akiajiriwa, kambi na majirani walikuja pamoja na mshahara. Kijana wa ukoo wa namna hiyo akifika Chuo Kikuu cha Lubumbashi hugundua kwamba mahali pa kulala panatafutwa, tena kwa jasho.

Njia ni tatu. Kuna homu, yaani mabweni ya chuo, zilizojaa. Kuna kwa shangazi mjini, ambako halipi kodi, ila atachota maji, atalea wadogo na atarudi kabla ya giza. Na kuna chumba cha kupanga: humo atamlipa komisionere, yaani dalali, atatoa garanti (amana) ya miezi kadhaa, kisha delestaji, yaani mgao wa umeme, itamkuta na mshumaa, yeye aliyekulia kando ya mitambo!

Wazazi hupima njia hizi kwa dola. Mimi ningepima kwa milango ambayo kijana atapita kila siku. Mwaka 1950 Leon Festinger na wenzake walichapisha utafiti kuhusu makazi ya wanafunzi wenye familia pale chuo cha MIT, Marekani. Watu hawakuchaguana kwa tabia kwanza. Kati ya majirani wa mlango kwa mlango, asilimia 41 walitajana kuwa marafiki wa karibu; kwa wakaao ncha mbili za ujia mmoja, ilikuwa 10 tu. Kukutana bila kupanga ndiko kunakozaa urafiki, na mgeni wa mwaka wa kwanza hana njia nyingine ya kujua silabasi ya mwaka jana iko kwa nani, au profesa gani huuliza nini.

Chuo Kikuu cha Cape Town kinaongeza jambo. Huko watafiti waliwafuatilia wanafunzi waliopangiwa wenzao wa chumba kwa bahati nasibu. Matokeo yalichapishwa 2022. Weupe waliolala na mwenzao wa rangi nyingine walipunguza dhana mbaya kuhusu weusi, na wanafunzi weusi waliochanganywa hivyo walifanya vizuri zaidi masomoni. Kwa hiyo kubanana chumba kimoja na wengine si hasara tupu. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wasio na kitanda hubebwa na wenzao, nao huiita kubebana. Hosteli za Magufuli zilizofunguliwa 2017, zenye nafasi 3,840, zilijengwa kupunguza uhaba huo.

Lakini homu si ngome. Usiku wa kuamkia 12 Mei 1990 watu wenye silaha waliingia katika homu za Lubumbashi wakaua wanafunzi, na Ubelgiji ikasitisha ushirikiano na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Januari 2020, baada ya fujo za karo, wanafunzi wa Kinshasa waliamriwa kuhama homu zao. Waliokuwa na ndugu mjini ndio waliopata pa kwenda.

Kwa hiyo anayekwenda kwa shangazi asikate tamaa, ila apatane naye mapema, kabla ya kufungua begi: siku mbili za juma abaki chuoni hadi jioni, afanye kazi za kundi, kisha arudi na wenzake wa mtaa huohuo. Shangazi wengi hukubali wakiombwa na baba mtu kwa simu, si na kijana mwenyewe.