Saa ya kale: halisi, bandia au ya kuungaunga?

KUJUA kwamba saa ya kale si bandia hakutoshi kumwepusha mnunuzi na hasara. Swali zito zaidi ni iwapo mashine, uso na kasha la saa hiyo vilitoka kiwandani pamoja, au vimekusanywa kutoka saa tofauti na kuunganishwa na fundi.

Ushahidi wa jambo hilo ulijitokeza nchini Uswisi. Novemba 2021, saa aina ya Omega Speedmaster iliyoelezwa kuwa ya mwaka 1957 iliuzwa katika mnada wa kampuni ya Phillips mjini Geneva kwa faranga za Uswisi 3,115,500. Aliyeinunua ni Omega yenyewe, kwa ajili ya jumba lake la makumbusho.

Juni 2023, Omega ikatangaza kuwa saa hiyo ilikuwa imeundwa kwa vipande vya saa mbalimbali, na kwamba waliokuwa wafanyakazi wake watatu walihusika katika njama hiyo.

Ikiwa kiwanda kilichobuni saa hiyo kiliweza kuuziwa mbuzi kwenye gunia, mtu anayeoneshwa saa kuukuu kando ya barabara mjini Dar es Salaam au Nairobi ana sababu zaidi ya kuwa makini.

Uso wa saa

Uso ndio sehemu ya kwanza ya kukaguliwa, kwani hubeba sehemu kubwa ya thamani ya saa ya kale. Kwa lenzi ya kukuzia, maandishi ya kiwandani huonekana yenye kingo safi na nafasi sawa baina ya herufi. Uso uliopakwa rangi upya huwa na herufi nene au zilizopinda, na alama za dakika zisizolingana.

Uso unaong'aa kana kwamba umetoka kiwandani jana, ilhali kasha limechakaa, ni jambo la kutilia shaka. Saa nyingi za Seiko za miaka ya 1960 na 1970 zinazouzwa kutoka India zimepakwa rangi upya, baadhi kwa rangi ambazo kiwanda hakikuwahi kuzitumia.

Mwanga wa gizani nao hutoa ushahidi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, viwanda vingi vilitumia radi, madini yenye mionzi. Baadaye vikahamia kwenye triti, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Nyuso nyingi za Uswisi zenye triti zina herufi T pande zote mbili za neno "Swiss", chini kabisa.

Kwa hiyo, saa ya mwaka 1965 ambayo mishale yake inawaka sana gizani imepakwa dawa mpya. Aidha, mtu asiikwangue rangi hiyo, kwani vumbi la radi ni hatari likivutwa puani.

Mshale na namba

Mshale wa sekunde nao hufichua mengi. Saa ya kwanza ya mkononi ya kwazi, inayotumia betri, iliuzwa na Seiko mjini Tokyo Desemba 25, 1969. Saa inayodaiwa kuwa ya mwaka 1962, lakini mshale wake unaruka mara moja tu kila sekunde, yaelekea ina mashine ngeni, kwani saa nyingi za ufunguo za wakati huo huruka mara tano au zaidi kwa sekunde.

Namba nazo husomwa kwa utaratibu. Omega huandika namba ya mfululizo kwenye mashine, wakati Rolex za zamani zilikuwa nayo ubavuni mwa kasha, mahali mkanda unapofungwa.

Kwa Seiko, tarakimu nne za kwanza nyuma ya kasha, kwa mfano 6119, hutaja aina ya mashine. Tarakimu hizo zinapaswa kuonekana tena kwenye mashine yenyewe, na kwa maandishi madogo mno chini ya uso wa saa. Zisipolingana, saa hiyo ni ya kuungaunga.

Namba ya mfululizo ya Seiko za miaka hiyo huanza na tarakimu ya mwisho ya mwaka, kisha mwezi. Inayoanza na 7 kisha N ni ya Novemba 1967, 1977 au 1987, na aina ya mashine ndiyo huamua muongo.

Bei stahiki

Kiasi anachotaja muuzaji si bei ya soko. Kipimo bora ni kiasi kilicholipwa kwa saa ya aina hiyo hiyo yenye hali hiyo hiyo. Hata hivyo, matokeo ya minada mikubwa kwa kawaida hujumuisha kamisheni ya mnunuzi, hivyo aliyeuza hupata pungufu ya hapo.

Kutoka kiasi hicho hupunguzwa gharama ya matengenezo, uso uliopakwa upya, vipuri visivyo vya asili na kasha lililosuguliwa hadi kingo zake zikapotea.

Saa ya dhahabu ina kima cha chini, yaani thamani ya dhahabu iliyomo. Alama 750 humaanisha asilimia 75 ni dhahabu. Iliyopakwa dhahabu juu juu haina kima hicho.

Historia ya mmiliki huongeza bei pale tu inapothibitika. Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa mjini New York Oktoba 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17 za Marekani, ikiwa na maneno ya mkewe yaliyochongwa nyuma. Simulizi tupu haina bei.

Kwa waliorithi saa ya mzazi, tahadhari ni moja: isisuguliwe wala kupakwa rangi ili ipendeze mbele ya mnunuzi. Mikwaruzo yake ya miaka mingi ni sehemu ya ushahidi wake.

Wahenga walinena, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji anayekataa saa ifunguliwe na fundi mbele ya mnunuzi amekwisha kutoa jibu.