Fizi: Tiba ya leza kwa mbwa na paka, na kile ambacho mufugaji wa Misisi anaweza kufanya leo

Katika makliniki mengi ya wanyama kule Ulaya na Marekani, mbwa mwenye kuchechemea hapewi vidonge peke yake. Muganga anamulaza juu ya meza, yeye na musaidizi wake wanavaa miwani maalum, kisha anapitisha polepole kichwa cha mashine yenye kutoa mwanga juu ya goti ao mugongo wa munyama. Kazi inachukua dakika chache, bila kisu na bila sindano. Tiba hiyo inaitwa tiba ya leza.

Misisi, muji wa machimbo ya dhahabu katika sekta ya Ngandja, teritwari ya Fizi, jimbo la Kivu ya Kusini, uko mbali na mashine hizo. Lakini mbwa na paka wako. Mbwa wanalinda nyumba na duka usiku, wengine wanafuata wawindaji porini. Paka wanalinda mihogo na mahindi yasiliwe na panya. Wanyama hao wakiumia, maswali ni yale yale ya kila fasi: nini itapunguza maumivu, na nini itafunga kilonda? Na kama mbwa ameumwa na mbwa mwingine, jibu baya linaweza kumaliza maisha ya mutu.

Ilianzia kwa panya wa Budapest

Leza ya kwanza iliwashwa mwaka 1960 na Theodore Maiman, kule California. Mwaka 1967, muganga Endre Mester wa Budapest, inchini Hungaria, alikuwa anachunguza leza na ugonjwa wa kansa kwa panya. Aliwanyoa, akawaangazia leza yenye nguvu ndogo. Akaona jambo ambalo hakulitafuta: panya walioangaziwa waliota nywele haraka kuliko wengine. Kisha akajaribu mwanga huo kwa wagonjwa wenye vilonda vya muda murefu. Kutoka pale tiba ilienea kwa watu, halafu kwa farasi, mbwa na paka.

Leza hiyo si ile yenye kukata nyama wakati wa upasuaji. Inatumia mwanga mwekundu, ao mwanga wenye kufuata mwekundu ambao macho hayauoni. Mwanga unapenya ngozi na kufika ndani ya chembe za mwili, kwenye sehemu zinazoitwa mitokondria, ambazo ni kama vinu vidogo vya kutengeneza nguvu. Wataalamu wanaeleza kwamba sehemu hizo zinanyonya mwanga, chembe zinapata nguvu zaidi, damu inatembea vizuri, na uvimbe pamoja na maumivu vinapungua. Mara nyingi mugonjwa anarudi mara mbili ao tatu kwa juma, kisha siku zinaachana kadiri anavyopata nafuu.

Utafiti unasema nini?

Matokeo hayako upande mumoja. Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walifuata mbwa 36 waliopasuliwa mugongo kwa sababu ya kuharibika kwa pingili. Waliopata leza walirudi kutembea kwa muda wa kati wa siku 3.5, wenzao kwa siku 14. Lakini utafiti mwingine wa mwaka 2017, juu ya upasuaji wa namna hiyo, haukuona leza ikiharakisha kupona. Mwaka 2015, watafiti walipima leza juu ya vilonda vya mbwa na hawakuona faida. Mwaka 2018, mbwa wenye ugonjwa wa viungo vya kiwiko walipungua kuchechemea, na dawa zao za maumivu zikapunguzwa.

Kwa ufupi, leza inaweza kusaidia, zaidi kwa mbwa muzee mwenye viungo vyenye kuuma. Haichukui fasi ya kusafisha kilonda, kufunga mufupa uliovunjika ao kumaliza mikrobe.

Pia ina hatari. Inaweza kuunguza macho ya munyama na ya muganga, ndiyo sababu ya ile miwani. Manyoya meusi yanapata moto haraka kuliko meupe. Haipitishwi juu ya kansa wala juu ya tumbo la munyama mwenye mimba. Zile kalamu ndogo za leza zenye kuuzwa madukani si tiba hata kidogo: hazina kipimo cha kutibu, lakini zinaweza kuharibu macho.

Vidonge vya watu vinaua paka

Moja ya sababu za makliniki kupenda leza ni kwamba dawa za maumivu zenye usalama kwa paka ni chache. Hapa ndipo mufugaji wa Misisi anapaswa kuwa macho, kwa sababu vidonge vya watu vinapatikana kila fasi. Ini la paka haliwezi kuvunja parasetamoli: kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Munyama anayeumwa anaweza kulazwa fasi safi, kavu na yenye kivuli, akapewa maji, na asilazimishwe kutembea. Dawa yoyote iamuliwe na muganga wa wanyama.

Kilonda cha kawaida kinaweza kutunzwa nyumbani bila mashine. Maji yanachemshwa na kupoa, kisha kijiko kidogo kimoja cha chumvi kinatiwa katika nusu litre. Nywele za pembeni zinakatwa, uchafu unaoshwa kwa maji hayo mengi, na kilonda kinakaguliwa kila siku kama kina usaha, harufu ao mabuu. Mazutu, asidi ya batri na mafuta ya moto haviruhusiwi: vinaunguza nyama iliyo hai, na kilonda kinachelewa kupona.

Mbele ya kugusa kilonda, uliza kimetoka wapi

Kama kilonda kimetokana na mbwa mwingine asiyejulikana, mate ya mbwa huyo yanaweza kuwa na virusi vya kichaa cha mbwa, ambacho wengi wanakiita raje. Mwenye kutunza munyama avae glavu, na kama hana, afunike mikono kwa mifuko ya plastiki isiyotoboka. Mbwa aliyeumwa atengwe, na muveterinere ao ofisi ya kilimo, uvuvi na ufugaji ijulishwe. Dalili zinaweza kuchelewa miezi miwili ao mitatu, hata zaidi.

Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kwamba raje inaua watu 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia. Karibu wote wanaambukizwa na mbwa, na karibu 40 kwa mia ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana kwa mutu, karibu hakuna anayepona. Leza haisaidii, wala dawa ya kienyeji.

Kinachookoa ni haraka. Mutu aliyeumwa ao kukwaruzwa aoshe kilonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende siku ile ile kwenye kituo cha afya kuomba chanjo. Kwa wakaaji wa Misisi ni vema kujua sasa, kabla ya ajali, ni kituo gani cha zoni ya afya ya Kimbi-Lulenge ao cha Baraka chenye chanjo hiyo, kwa sababu barabara ya kuelekea huko haipitiki vizuri wakati wa mvua.

Kongo ina fasi za kufundisha waganga wa wanyama: Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Chuo Kikuu cha Graben, Butembo, vina vitivo vya kazi hiyo. Katika Mbuga ya Virunga, kikosi cha mbwa wa kunusa kilichoanzishwa mwaka 2011 kinaonyesha kwamba mbwa anaweza kutunzwa vizuri hata katika mashariki yenye vita.

Kwa Misisi, hatua ya kwanza ni chanjo. Wataalamu wanasema kwamba asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa katika fasi moja, raje inakosa njia ya kuenea. Sindano moja ya chanjo inagharimu kidogo sana kuliko mashine ya leza, ambayo bei yake inafika maelfu ya dola, na inalinda mbwa, mwenye mbwa na watoto wa jirani.