"Si yatang'oka tu?" Wacha hiyo stori, piga mtoi mswaki

Kuna sentensi inayozunguka kila ploti hapa Nairobi: "Hayo ni meno ya maziwa, yatang'oka tu." Kweli, yatang'oka. Lakini magego ya maziwa hukaa mdomoni hadi mtoto afike miaka 10 ama 12, na jino bovu linauma usiku vilevile, liwe la maziwa au la ukubwani. Tena jino la maziwa hulinda nafasi ya lile linalokuja. Likitolewa mapema, majirani zake husogea na jipya hutoka limepinda.

Kwa hivyo kama wewe ni mzazi wa rika letu, ama ni yule anko anayeachiwa mtoi wa sista wikendi, kazi inaanza jino la kwanza likichomoza, miezi sita hivi. Dawa ya meno (sisi huita Colgate hata ikiwa ya kampuni nyingine) iwe na floraidi. Achana na ule mstari mrefu wa matangazo ya TV. Chini ya miaka 3, kama punje ya mchele. Kuanzia 3 hadi 6, kama punje ya njegere. Na kama mko Nakuru au Naivasha na mnakunywa maji ya kisima, kipimo hicho msikizidishe. Maji mengi ya huko yana floraidi nyingi kiasili, ndiyo unaona watu na madoa ya kahawia kwa meno.

Mtoto wa miaka minne hajui kupiga mswaki. Atautafuna, atameza dawa, kisha aape amemaliza. Mwache aanze, halafu umalizie wewe, hadi afike 7 ama 8. Simama nyuma yake, kichwa kiegemee tumbo lako, uone magego. Dakika mbili, yaani nusu ya ngoma anayoipenda. Usiku ndio usikose, maana mtu akilala mate hupungua. Baada ya hapo ni maji tu, hakuna chupa ya maziwa kitandani. Ateme povu, asisukutue sana. Kwa wale ambao bomba liko nje, kikombe kimoja kinatosha.

Meno mawili yakishagusana, mswaki haufiki katikati. Hapo ndipo uzi wa meno unaingia, mara moja kwa siku, na unampitishia wewe. Si uzi wa kushonea, tafadhali, huo utakata ufizi.

Na usimtishie kwamba akikataa utampeleka kwa daktari akang'olewe. Siku jino litauma kweli, atakuficha.