Ghafla Ipi?

Mpe mfasiri sentensi "Katibu wetu aliacha kazi ghafla", na mkono wake utakimbilia "suddenly". Hajakosea, ila hajamaliza kazi. Je, katibu aliinuka katikati ya kikao akabwaga funguo mezani? Au alitoa notisi ya mwezi mzima, ila hakuna aliyedhani kwamba angeondoka? Kiswahili kinaridhika na "ghafla" kwa yote mawili. Kiingereza kingesema wa kwanza aliondoka "abruptly", na wa pili "unexpectedly", au kwa lugha ya mazungumzo, "out of the blue".

Tofauti zinaanzia hapo. Jambo huwa la ghafla kwa kasi yake, kwa kukosa dalili, au kwa kukata kitu kilichokuwa kikiendelea. Ukishajua ni lipi kati ya hayo, nusu ya uchaguzi imekwisha.

"Out of the blue" ni kifupi cha usemi unaohusu radi inayopiga wakati anga ni la buluu, halina hata wingu. Thomas Carlyle aliutumia katika kitabu chake cha Mapinduzi ya Ufaransa, kilichotoka mwaka 1837. Kasi haihusiki kabisa. Kinachohusika ni kukosa dalili. Mtu mliyesoma naye, mkapoteana miaka mingi, akikupigia simu leo, amekupigia "out of the blue" hata mkizungumza saa nzima. Lakini kama mawingu yametanda tangu asubuhi, mvua haiji "out of the blue", ingawa yaweza kuanza "suddenly".

"Abruptly" lina asili ya Kilatini yenye maana ya kukatika, na bado linanukia asili hiyo: mkutano uliovunjika, barabara ya lami inayoishia porini, hotuba iliyokatizwa. Likimhusu mtu, lina ukavu ndani yake. Aliyejibu "abruptly" amejibu kwa mkato, pengine bila adabu.

Mtego mkubwa uko kwenye "all at once". Nyumba ina taa sita, na mtu anaandika "The lights went out all at once". Zilizimika ghafla, au zote kwa pamoja? Maneno yanabeba maana zote mbili, na ni muktadha tu unaoamua. Kwenye maelekezo ya dawa hakuna nafasi ya kubahatisha: "Do not take the tablets all at once" inakataza kumeza vidonge vyote kwa mkupuo. Anayefasiri "usimeze vidonge ghafla" amemnyima mgonjwa onyo lenyewe. Ukiondoa "all", mambo yanageuka tena, kwani "Come at once" ni amri: njoo sasa hivi.

Habari za vifo nazo zinahitaji uangalifu. Aliyegongwa na gari akakata roho palepale, "died instantly" au "died on the spot". "Died suddenly" husemwa zaidi kwa mtu ambaye hakujulikana kuwa mgonjwa, na huenda alikaa hospitalini saa kadhaa kabla ya kufariki. Ukichanganya hayo mawili, umebadilisha habari yenyewe.

Kati ya "suddenly" na "all of a sudden" maana ni ileile. Kinachotofautiana ni mahali pa kutumia. Ripoti ya bima itasema "The brakes suddenly failed". "All of a sudden" ni ya msimulizi, hupenda kukaa mwanzoni mwa sentensi, na haifurahii kubanwa kati ya mtendaji na kitenzi. Hata "suddenly" hubadilika likihamishwa: "Suddenly the bus stopped" inatoa mshtuko wa anayesimulia, ilhali "The bus stopped suddenly" inaeleza namna basi lilivyosimama.

Mwandishi wa riwaya wa Marekani, Elmore Leonard, katika kanuni zake kumi za uandishi alizochapisha mwaka 2001, alipiga marufuku "suddenly". Kwa hadithi namuunga mkono, maana tukio likiandikwa vizuri linashtua lenyewe. Kwa taarifa ya ajali simuungi, kwa sababu breki zilizokufa ghafla si sawa na breki zilizokuwa zikilegea wiki nzima.

Utasikia pia baadhi ya Wamarekani wakisema "all of the sudden". Usibishane nao kwenye mazungumzo, ila kwenye mtihani na barua ya kazi andika "all of a sudden".