UHANDISI: TUCHAGUE KWA MACHO, SI KWA JINA

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kuuliza si ujinga. Nami, wasomaji wapenzi, nimeshika kalamu niwaeleze jambo ambalo nyumbani kwetu halikuulizwa mapema, likatutoa machozi.

Kaka yangu alipata B+ katika KCSE. Baba, ambaye ni mwashi, alifurahi hata akanunua kreti nzima ya soda. Miaka mingi amejenga nyumba za watu akiamrishwa na mainjinia, basi alitamani mmoja atoke kwake. Kaka naye akawa haambiliki. "Mimi ni uhandisi wa ujenzi tu, sitaki kitu ingine," alisema. Akaijaza kozi hiyo karibu kila nafasi, tena katika vyuo vyenye majina makubwa. Majina yalipotoka, lake halikuwemo. Siku hiyo baba hakwenda kazini.

Je, kosa lilikuwa wapi? Nilimwendea mwalimu anayetushauri kuhusu kazi na vyuo, naye akanifumbua macho.

Kwanza, KUCCPS, shirika lililochukua nafasi ya ile bodi ya JAB kufuatia Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, halitazami gredi ya jumla pekee. Hutazama pia masomo manne yanayoitwa klasta. Kwa uhandisi masomo hayo ni Hisabati, Fizikia, Kemia na jingine moja, kama vile Biolojia au Jiografia. Tuchukue wanafunzi wawili, wote wana B+. Wa kwanza ana pointi 11 za Hisabati, 11 za Fizikia, 10 za Kemia na 10 za Jiografia: jumla 42 kati ya 48. Wa pili ana 8, 7 na 8, kisha 12 za Historia: jumla 35. Pointi hizo huunganishwa na matokeo yake ya jumla ndipo zipatikane pointi za klasta. Gredi yao ni moja, lakini mlangoni hawalingani hata kidogo. Kaka yangu, kumbe, alikuwa huyo wa pili! B+ yake ilibebwa na lugha na Historia.

Pili, zile pointi za kuingilia tunazoambiana mabwenini si sheria iliyoandikwa kabla. Ni pointi za mwanafunzi wa mwisho aliyechukuliwa mwaka uliopita. Wengi wakikimbilia kozi moja, zinapanda, wakipungua, zinashuka. Kwa hivyo ukizifikia kwa kidole tu, usijidanganye kuwa umeingia.

Tatu, uhandisi si ujenzi, umeme na mitambo tu. Kuna uhandisi wa kilimo, wa ramani na upimaji wa ardhi, wa kemikali, na kadhalika. Mwenye busara hupanga nafasi zake kama ngazi: juu aweke anachokitamani, katikati anachokifikia, chini asichoweza kukosa. Lakini hata cha chini kiwe kitu anachoweza kukipenda, kwa maana shahada ya uhandisi huchukua miaka mitano.

Nne, kabla ya kujaza, hakikisha kuwa Bodi ya Wahandisi ya Kenya inaitambua kozi hiyo katika chuo hicho. Miaka mitano ni mingi mno kuja kugundua mwishoni kuwa huwezi kusajiliwa.

Na aliyekosa shahada asikate tamaa. Diploma ya uhandisi hufunguliwa mlango kuanzia C-, na wapo waliopitia huko wakaendelea hadi shahada.

Kaka hakupotea. Katika awamu ya pili ya maombi alipata uhandisi wa kilimo. Baba aliguna, "Nimesomesha mtu akalime?" Lakini likizo iliyopita bwawa la jirani lilibomoka, na kaka akatueleza kwa nini: udongo haukushindiliwa vizuri wala maji ya ziada hayakuachiwa njia. Baba alimsikiliza kimya, kisha akamwuliza maswali, mwashi kwa injinia. Nilifurahi moyoni.

Mimi mwenyewe napenda uhandisi wa umeme, ila muhula uliopita nilipata C ya Fizikia. Tuseme ukweli: vyuo vingi hutaka angalau C+ katika Hisabati, Fizikia na Kemia. Jina zuri la kozi halitaniongezea pointi. Basi nimejifunga kibwebwe, na kila jioni baada ya chakula tunakutana watu wanne tukifanya hesabu za mkondo wa umeme. Nikifaulu, vyema. Nisipofaulu, ngazi yangu nimekwisha kuipanga, nayo ina vidato zaidi ya kimoja.

Nawe, mwanafunzi mwenzangu, ya kwako umeipanga? Chukua gredi zako za muhula huu, jumlisha yale masomo manne, umpelekee mwalimu leo. Usingoje hadi majina yatoke.